Shangazi, binti yangu anaruka kutoka mlimani na aliyetia sahihi ni mjomba wake

Shikamoo Shangazi,

Nakusoma tangu nikiwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, simu moja tukiipokezana watu watano. Sikudhani siku moja nitakuandikia mimi. Sasa niko New Hampshire, Marekani, mwaka wa tisa huu, na lililonifika sijui nilianzie wapi.

Mimi ni Mkongomani, kwetu Fizi. Mume wangu alifia kambini. Nina watoto watatu, na huyu mwenye kesi ndiye mkubwa, binti wa miaka 16. Nilimvusha Ziwa Tanganyika usiku akiwa na miezi mitano mgongoni, mwenye boti anazima injini kila akiona taa. Nayasema haya ili ujue huyu mtoto nimempataje.

Jumapili moja mwezi wa kwanza, tumetoka kanisani, mama mmoja akaweka video kwenye kundi letu la WhatsApp. Mtu kavaa helmeti, kakaa kwenye ubao huko juu, usiku, taa zinawaka, theluji kila mahali. Akajiachia. Akateremka kwa kasi, njia ikaisha, yeye akaendelea hewani, mikono nyuma, miguuni mbao mbili ndefu, hana hata fimbo za kushikilia. Nikasema kwa sauti, "Jamani, hivi huyu hana mama?" Chini ya video yule mama akaandika: "Hongera dada, binti yako ametupa heshima."

Shangazi, nilikaa chini.

Mimi nilijua yuko kwenye mchezo wa theluji shuleni. Nilifikiri ni kule kuteleza kwenye kilima na wenzake. Kumbe fomu ya ruhusa alimpelekea kaka yangu, tunayeishi naye, naye akatia sahihi mahali pa mzazi. Nilipomuuliza kaka akasema nina mambo ya kambini, kwamba mtoto ana kipaji na atasomeshwa chuo kikuu bure. Nilipomuuliza binti huo mlima una urefu gani, akajibu mita 38. Nimepiga hesabu, hiyo ni ghorofa ya kumi na mbili!

Mama mchungaji naye amekuja kuniambia kuruka vile kunaharibu kizazi, na ile nguo ya kubana si ya binti wa kanisa. Kwa hiyo nimemkataza. Tangu hapo haongei nami. Ugali anakula nusu, sombe hagusi, na huyu ndiye aliyekuwa anagombania ndagala na wadogo zake. Ingawa, kusema kweli, hili la kula lilianza kabla ya ugomvi, kama tangu mwezi wa kumi na moja. Mwezi wa kumi na mbili nilipata hofu kubwa maana pedi nilizomnunulia zimekaa tu kabatini. Nikajua tayari, mimba. Nikanunua kipimo, akapima analia, hakuna kitu. Nikamshukuru Mungu, nikaliacha.

Wiki mbili zijazo kuna mashindano ya shule za jimbo zima. Kocha amenipigia simu mara mbili. Kiingereza chake kinakimbia, nimebaki kuitikia tu. Je, nimtoe kabisa kwenye mchezo huu? Na huyu kaka yangu nimfanyeje?

Mama wa watatu, New Hampshire

* * *

Marahaba, mwanangu. Jina la mji wako nimeliondoa. Jimbo lenyewe ni dogo, na wanaoruka humo wanajuana.

Barua yako niliisoma mchana nikaiona ni ya mlima na mjomba. Nikairudia usiku, usingizi ukakata. Kuna mistari mitatu umeipitia haraka kama mtu anayepita mlango wa jirani asiyetaka kusalimia. Nitaifikia. Kwanza nikupunguzie hofu, kwa sababu ukiwa nayo yote hutanisikia.

Mchezo huu ni kuruka kwa skii, na skii ndizo zile mbao mbili ndefu za miguuni. Hizo mita 38 si kimo. Ni namba inayohesabiwa kwenye mteremko, kuanzia ule ukingo wa kurukia hadi mahali ambapo mrukaji mzuri anatarajiwa kutua. Na anapokuwa hewani ardhi inashuka pamoja naye, kwa hiyo muda wote yuko mita chache tu juu ya theluji. Anatua kwenye mteremko mkali, na mwili unaendelea kuteleza mbele badala ya kugonga chini. Video ile ilipigwa kutoka chini, na kutoka chini kila mrukaji anaonekana katupwa toka mbinguni. Isitoshe hakuna anayeanza na mita 38. Huanza na kilima cha mita kumi, kisha ishirini, na kocha akiona upepo mbaya au theluji inakimbia sana hushusha mahali pa kuanzia ili kasi ipungue, mtu asije akavuka mteremko na kutua pasipo na mwinamo. Hapo kwenye tambarare ndipo palipo na hatari.

Wanaanguka, ndiyo. Magoti huumia, mabega huteguka, wengine hupigwa kichwa. Ni mchezo wenye hatari, na mzazi ana haki ya kusema hapana. Ila sema hapana kwa mlima uliopo. Hilo jengo la ghorofa kumi na mbili umelijenga wewe.

Nikuongezee na hili, kwa kuwa nadhani hakuna aliyekuambia. Katika majimbo 50 ya Marekani, ni hilo lenu peke yake ambalo shule za sekondari bado zinashindana kuruka kwa skii. Na mchezo wenyewe haukuota hapo. Uliletwa na wahamiaji wa Skandinavia. Wale waliofika mji wa Berlin, kaskazini mwa jimbo lenu, waliunda klabu yao ya skii mwaka 1872, nao wakati huo walikuwa wageni kama ulivyo wewe. Kwa hiyo anayekuambia "huo si mchezo wetu", muulize basi ni wa nani.

Habari ya kusomeshwa bure naimaliza kwa mstari mmoja: shirika linalosimamia michezo ya vyuo vikuu Marekani liliufuta mchezo huu kwenye mashindano yake mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kaka yako amekuahidi kuku wa jirani. Binti akiruka, aruke kwa kuwa anapenda.

Mama mchungaji sasa. Usimcheke, maana wakubwa kuliko yeye walisema hayohayo. Mwaka 2005 rais wa shirikisho la skii la dunia, mzee wa Uswisi mwenye suti na ofisi, alisema redioni kwamba kwa upande wa afya mchezo huu hauonekani kuwafaa wanawake. Wanaume walikuwa wakiruka kwenye Olimpiki ya majira ya baridi tangu ile ya kwanza, 1924. Wanawake walinyimwa. Kuelekea Olimpiki ya Vancouver ya 2010, warukaji wanawake walikwenda mahakamani Kanada. Jaji akakubali kwamba wanabaguliwa, lakini akasema sheria ya nchi yake haiifikii Kamati ya Olimpiki. Wakakaa pembeni wakitazama. Mmoja wao, Lindsey Van wa Marekani, alikuwa tayari bingwa wa kwanza wa dunia upande wa wanawake, taji alilolitwaa 2009. Waliruhusiwa Sochi mwaka 2014, na dhahabu ya kwanza ikaenda kwa Carina Vogt, Mjerumani. Miaka tisini, na hoja ileile ya kizazi ilikuwa mojawapo. Hakuna daktari aliyewahi kuonyesha kwamba kutua na skii kunamharibu mwanamke tumbo.

Nguo nayo: ni kitambaa kizito kama sifongo, si soksi, na waamuzi huipima kwa sababu ikipwaya inashika upepo na kumbeba mtu kama tiara. Mwaka 2025, kwenye mashindano ya dunia huko Trondheim, viongozi wa timu ya Norway walikiri kuichezea mishono ya nguo za warukaji wao. Kwa hiyo kubana kule ni sheria ya mchezo, mwambie mama mchungaji, tena kuipanua ni wizi.

Sasa nipige hodi kwenye mlango ulioupita.

Chakula kilipungua tangu mwezi wa kumi na moja. Kabla ya ugomvi, umesema mwenyewe. Mwezi huo ndio timu zinaanza kujiandaa kwa msimu. Halafu hedhi imekatika. Ulipima mimba, hakuna, ukashukuru, na mimi ningeshukuru vilevile. Lakini nilikuwa nesi Mwanza miaka mingi kabla sijawa Shangazi wa watu, na nakuambia kipimo kile kilijibu swali moja tu. Swali la pili hukuliuliza: kama si mimba, hedhi imekwenda wapi?

Mwanangu, katika mchezo huu mwili mwepesi unafika mbali zaidi. Kila mrukaji anajua, hata mtoto wa kilima cha mita kumi anajua, kwa kuwa anawaona wembamba wakimpita. Na msichana wa miaka 16 akishajua hivyo hahitaji mtu wa kumwambia apunguze kula. Tatizo ni la zamani, likawa baya kiasi kwamba mwaka 2004 shirikisho la dunia liliweka kanuni: ukikonda kupita kiwango fulani cha uzito kwa urefu wako, unalazimika kutumia skii fupi, na skii fupi hazikubebi vizuri. Waliona dawa ni kuifanya njaa isiwe na faida. Imesaidia, haikumaliza.

Mtu akila kidogo kuliko anavyojituma, mwili unaanza kubana matumizi, kama mama mwenye mshahara mdogo. Unafunga kwanza yale yanayoweza kungoja. Hedhi ndiyo ya mwanzo kufungwa. Baadaye mifupa inanyimwa, na umri wa binti yako ndio hasa wa kuijenga. Damu inapungua, baridi inamwingia upesi, hasira za karibu, usingizi mbaya. Kwa hiyo mama mchungaji aligusa karibu na kidonda bila kujua. Mlima hautamdhuru kizazi. Njaa ikiendelea inaweza.

Sisemi ana ugonjwa. Sijamwona. Pengine ni huzuni, pengine ni tezi, pengine ni jambo jingine kabisa. Ndiyo maana nataka aonwe na daktari wiki hii, si baada ya mashindano. Piga simu zahanati yake, sema tu "Swahili interpreter", maneno hayo mawili yanatosha, na watakuletea mkalimani kwenye simu bila malipo. Ni haki yako kisheria katika hospitali zinazopokea fedha za serikali, na karibu zote zinapokea. Asitafsiri binti mwenyewe, wala mjomba. Mwambie daktari hedhi ya mwisho ilikuwa lini, chakula kilipungua lini, na kwamba anaruka kwa skii. Omba walinganishe uzito wake wa sasa na wa mwaka jana, wanao kwenye kumbukumbu zao. Omba wapime damu. Kisha toka nje, umwache na daktari peke yao dakika kumi. Najua mama wa Fizi hatoki nje. Toka.

Nyumbani usianze na mlima, usianze na fomu, na kwa jina la Mungu usimwambie "umekonda". Kwake huenda hiyo ni sifa. Muulize: nani alikuambia unatakiwa uwe mwepesi? Halafu nyamaza, hata kimya kikae mpaka chai ipoe. Akisema ni kocha, unakwenda kwa mkuu wa michezo wa shule na mkalimani wako, na hapo msimu wake umekwisha bila majadiliano. Akisema ni wenzake, au ni picha za kwenye simu, basi kocha anaweza kuwa mtu wako wa kwanza wa kukusaidia. Simu zake mbili ulizoitikia tu, hujui alikuwa anakuambia nini. Inawezekana ameona ulichokiona wewe.

Mezani usimjazie sahani, usihesabu matonge. Kaeni mle wote, wadogo wapige kelele zao, ndagala ziwe katikati.

Akibisha kwamba bila kuwa mwepesi hatashinda, una jibu, na ni la mchezo wenyewe. Kwenye mashindano makubwa umbali ni sehemu tu ya hesabu. Majaji watano wanampa kila mrukaji hadi alama 20 kwa jinsi alivyokaa hewani na alivyotua, ya juu kabisa na ya chini kabisa zinatupwa, zinabaki tatu: alama 60. Akitua pale panapotarajiwa, umbali nao unampa 60. Ni sawa kwa sawa. Na kule kutua kwa madaha, mguu mmoja mbele, goti limekunjwa, mikono imefunguka, kunataka mapaja yenye nguvu, na mapaja hayo hayajengwi kwa nusu sahani. Mtajie na Maren Lundby wa Norway, bingwa wa Olimpiki wa 2018. Mwaka 2021 alitangaza wazi kwamba uzito wake umeongezeka na hatajitesa kuupunguza, akaikosa Olimpiki ya Beijing kwa hiari yake. Baadaye alirudi akaruka tena. Huyo binti yako anamjua, nakuhakikishia, hata kama wewe ndiyo unamsikia leo.

Mashindano ya jimbo: sahihi yako ngoja. Usiitoe, usiikatae. Mwambie, "Nitasaini siku daktari akisema unaweza kuruka." Si adhabu, na mwambie hivyo kwa maneno hayohayo. Daktari akisema angoje, atayakosa. Atalia. Alie, umshike. Ana miaka 16, majira ya baridi mengine yapo. Daktari akiruhusu, saini wewe mwenyewe na kalamu yako, na uende ukaone.

Kaka yako. Kwetu mjomba ana neno lake kwa mtoto wa dada, na binti alilijua hilo vizuri kuliko nyinyi wote wawili. Lakini ile fomu si ya kuozesha. Ina mambo ya bima na ya ruhusa ya kutibiwa akizimia, na sahihi ya mtu asiye mlezi kisheria ingewaletea maswali siku ambayo hamna muda wa maswali. Aende nawe shuleni, aseme mbele yako kwamba alikosea, fomu iandikwe upya. Hapo mimi ningemsamehe. Ukweli ni kwamba alimfanyia mtoto jambo moja ambalo sisi wenye hofu hatukulifanya: alikwenda kumtazama. Unafikiri video ilipigwa na nani?

Na binti alidanganya. Hilo lina adhabu yake, ichague wewe, ila isiwe mlima wala chakula. Vyombo mwezi mzima vinatosha.

Siku ukienda, usisimame chini kabisa wanakoishia, nilifanya kosa hilo mwaka wangu wa kwanza huku na nusura nitoke mbio nikifikiri wananijia. Simama pembeni, usawa wa ule ukingo. Kwanza utasikia skii zikivuma kwenye barafu, halafu ghafla hakuna sauti, na hapo ndipo yuko hewani. Ni muda mfupi kuliko kupiga chafya. Vaa soksi mbili na utafute viatu vya theluji vya kuazima. Wanaruka mara mbili, na katikati wanasimama baridini wakisubiri zamu, kwa hiyo beba chupa ya uji wa moto wenye sukari na vikombe vya kutosha. Wape wenzake kwanza. Yeye akinyoosha mkono, mmiminie kama wengine, wala usimtazame anavyokunywa.

Shangazi